Moshi wa gari la zamani lililofanyiwa mabadiliko: maswali yanayoulizwa sana Mombasa

Maswali haya nimeulizwa chini ya mwembe wa gereji, kwenye foleni ya feri Likoni, hata arusini na sahani ya pilau mkononi. Anayeuliza huwa na gari lililotengenezwa kabla yeye hajamaliza shule, na injini iliyotoka kwenye gari lingine kabisa. Nimeona niyaandike pamoja, nipate kula pilau yangu kwa utulivu.

Kwani gari langu la binafsi nalo linatakiwa kukaguliwa?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haisemi matatu na malori peke yake. Gari lolote lililopita miaka minne tangu kutengenezwa linaingia kwenye ukaguzi. Matatu, teksi na magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na ndiyo maana wengi hudhani jambo hili haliwahusu. Mwenye gari la binafsi mara nyingi hukutana na ukaguzi siku anapotaka kubadilisha injini, rangi au bodi kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Ukaguzi uko chini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwetu huku kituo kikiwa Miritini, na nafasi huwekwa na kulipiwa mtandaoni. Tena zipo Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014, chini ya sheria ya mazingira, zinazokataza gari kutoa moshi kupita kiasi barabarani. Kwa hiyo hata asiyekwenda Miritini hajasalimika.

Nimeshapachika injini nyingine. Nianze na moshi au na karatasi?

Karatasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku, na mkaguzi ataitafuta kwenye bloku kabla hajauliza habari ya moshi. Gari linaweza kutoa hewa safi kama upepo wa Forodhani na bado likarudishwa, kwa kuwa namba hazilingani. Unaponunua injini ya Japani iliyotumika, dai risiti yenye namba ya injini na nakala ya hati ya forodha papo hapo, kabla haijapakiwa kwenye mkokoteni. Ukirudi baada ya miezi sita, muuzaji atakwambia karatasi zilikwenda na mwenzake, na mwenzake yuko safari.

Namba yenyewe isafishe mapema. Hewa ya chumvi huila ile sehemu ya bloku hadi tarakimu 3 na 8 zikafanana. Tumia brashi laini na mafuta ya kulegeza kutu. Msasa usiuguse, kwani namba iliyosuguliwa huonekana kama namba iliyochezewa, na hapo utakuwa na kesi nyingine.

Mashine inapima nini hasa?

Kwa petroli, mrija huingizwa kwenye bomba la nyuma na mashine husoma gesi. Ya kwanza ni kaboni monoksidi, ambayo hupanda mafuta yanapozidi hewa. Ya pili ni hidrokaboni, yaani petroli iliyopita bila kuungua. Mashine nyingi husoma pia kaboni dioksidi, oksijeni na lamda. Lamda ni uwiano wa hewa na mafuta: 1 maana yake ni sawasawa, takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Chini ya 1 mafuta yamezidi, juu yake hewa imezidi.

Zisome namba hizi pamoja. Kaboni monoksidi ikiwa juu na oksijeni chini, mafuta ni mengi. Hidrokaboni ikiwa juu peke yake, kuna silinda isiyowaka vizuri: plagi, waya, koili au valvu. Oksijeni ikiwa juu bila sababu, mara nyingi ekzosi imetoboka na inavuta hewa ya nje. Injini ya injekta yenye afya na katalitiki (kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi) inayofanya kazi haina shida kukaa chini ya asilimia 0.5 ya kaboni monoksidi. Kaboni dioksidi nayo iwe karibu na 14 au 15, kwa kuwa ndiyo dalili kwamba mafuta yanaungua kweli.

Kwa diseli hupimwa weusi wa moshi. Hilo lina swali lake hapo chini.

Bila mashine, rangi ya moshi inaniambia nini?

Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Wa buluu ni oili: ringi zimechoka, sili za valvu zimekauka, au tabo inavuja. Ukitoka wa buluu unapoachia mafuta kwenye mteremko kisha ukanyage tena, anza na sili za valvu.

Mweupe ndio unaowapotosha watu. Nairobi asubuhi ya Julai kila gari hutoa mvuke mweupe, kwa sababu ya baridi tu. Mombasa hatuna baridi hiyo. Gari likiendelea kutoa moshi mweupe hapa baada ya dakika kumi, na maji ya radieta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi kabla hujashuku hali ya hewa.

Nimebadilisha plagi, filta na sensa, na bado kaboni monoksidi iko juu. Nini tena?

Fungua ilipo themostati, ile valvu inayozuia maji ya injini yasiende kwenye radieta mpaka yapate moto. Naomba usiniruke hapa, kwa kuwa mimi mwenyewe nililipa ada ya ujinga huu.

Nina Corolla DX ya miaka ya themanini, ile ya KE70. Injini yake ya 4K niliitoa nikaweka 4A-GE ya injekta, na katalitiki nikaiacha ibaki mahali pake. Mara ya kwanza kupimwa kaboni monoksidi ilisoma 4.1. Nikabadilisha plagi. Nikanunua sensa ya oksijeni. Nikaosha injekta. Ikashuka hadi 3.6, na mfuko wangu ukashuka zaidi. Siku moja, Jumamosi saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, nimeegesha baada ya kutoka Bamburi, nikagusa hosi ya juu ya radieta. Ilikuwa vuguvugu. Hosi ile ingetakiwa kuniunguza vidole. Nikafungua bolti mbili, nikainua kifuniko, ndani hamna kitu. Palipotakiwa kukaa themostati pako wazi kama mlango wa duka.

Nikamwendea fundi aliyenifungia injini. Akacheka. "Bwana, huku pwani themostati ya kazi gani? Hiyo ni ya watu wa baridi."

Mafundi wengi wa huku husema hivyo, na nia yao ni njema: wanaogopa gari lisichemke. Lakini kompyuta ya injini haijui kama uko Mombasa. Inasoma sensa ya joto la maji tu. Maji yasipofika joto la kazi, inadhani ndiyo kwanza umewasha, inaendelea kumwaga mafuta ya kuamshia injini, na haiisikilizi sensa ya oksijeni hata kama ni mpya. Katalitiki nayo husakamwa na mafuta mabichi. Nilinunua themostati ya digrii 82, gasketi yake na lita mbili za kipozeo. Wiki iliyofuata ilisoma 0.4. Sikugusa kitu kingine.

Kama gari lako huchemka ukirudisha themostati, basi ugonjwa uko kwenye radieta, feni au pampu ya maji. Tibu huo.

Katalitiki ya gari langu iliuzwa zamani. Naweza kupita bila hiyo?

Gari la kabureta la enzi ambazo halikuja nayo linaweza kutengenezwa likawa safi vya kutosha. Gari la Japani la miaka ya tisini lilizaliwa nayo, na kompyuta yake ilipangwa ikiitegemea. Bila katalitiki utasukumana na namba kila ukipimwa.

Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu huizungukia kama nzi kwenye embe. Mwenye gari huambiwa "hii inakuzuilia nguvu" na kupewa noti chache, kisha bomba tupu huchomelewa mahali pake. Nguvu inayorudi ni ndogo sana, isipokuwa kama ile ya zamani ilikuwa imeziba kweli.

Ukinunua nyingine, iweke karibu na injini kadiri nafasi inavyoruhusu. Haianzi kazi mpaka ifike joto la kama digrii 250 hadi 300, na ukiifungia nyuma chini ya kiti cha abiria itakuwa pambo. Hakikisha pia injini haili oili wala haikosi moto kwenye silinda yoyote, la sivyo mpya itakufa kama ya kwanza. Wazee wataikumbuka petroli yenye risasi, iliyoondolewa nchini mwanzoni mwa 2006. Risasi ilikuwa sumu ya katalitiki. Siku hizi muuaji ni oili na petroli mbichi.

Nina kemshafti kali. Injini inadunda kama ngoma ikinguruma taratibu.

Kemshafti ya namna hiyo huacha valvu za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu. Kasi ikiwa ndogo, mchanganyiko mbichi hupita moja kwa moja hadi kwenye ekzosi, na hidrokaboni hupanda. Ufundi haulifuti jambo hilo, unalipunguza. Pandisha muungurumo hadi kama mizunguko 1,000 au 1,100 kwa dakika. Rudisha taimingi ya moto nyuma digrii chache kwa kipimo, ili gesi zitoke zikiwa moto zaidi na ziendelee kuungua njiani. Kama una gia za kemshafti zinazorekebishika, punguza ule muda wa valvu kuwa wazi pamoja. Andika alama za mwanzo kwa rangi kabla hujagusa chochote, urudishe baadaye.

Kama ni kemshafti ya mashindano hasa, ya gari la kupanda vumbi la rali, sikufichi: toa, weka ya kiwandani, pima.

Kabureta yangu ya Weber ilipangwa Nairobi. Nishuke nayo hivyo hivyo?

Usishuke nayo hivyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyopangwa kule ikifika hapa hupata hewa nzito na kuwa na njaa ya mafuta: inakohoa, inachelewa kuitika, na hidrokaboni hupanda kwa sababu mchanganyiko hauwaki vizuri. Iliyopangwa hapa ikipanda Nairobi huwa kinyume, inanuka petroli na kutoa moshi mweusi. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Nairobi anakupa namba za jeti, yaani vile vitundu vya kupitishia mafuta, mshukuru, kisha uzipime mwenyewe.

Watu hubadilisha jeti kuu wakati kipimo hakiifikii. Gari hupimwa likinguruma taratibu, na pengine likishikiliwa kwenye mizunguko kama 2,500 bila mzigo, na hapo kinachotawala zaidi ni jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko. Pasha injini moto. Funga skrubu polepole mpaka injini iyumbe, ifungue mpaka itulie vizuri kabisa, kisha ifunge tena robo mzunguko. Ukiwa na kabureta mbili, zilinganishe kwanza, maana moja ikivuta na nyingine ikilala utazungusha skrubu mpaka magharibi. Angalia usawa wa boya, na kwamba choki inafunguka kabisa. Mzee mmoja wa Kibokoni aliniletea Peugeot 504 iliyofukuta moshi mweusi miezi miwili. Waya wa choki ulikuwa umenasa kwa kutu. Kazi ya dakika tano, na chai juu.

Subaru yangu ya tabo imeongezwa presha. Nitaanguka?

Presha haipimwi. Gari likisimama bila mzigo, tabo haifanyi kazi ya maana. Kinachowaangusha wenye Subaru ni injekta kubwa zisizoweza kutoa tone dogo kwa ustadi, valvu ya kupumua inayotupa nje hewa ambayo kompyuta ilishaihesabu, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya kasi huku muungurumo wa taratibu ukiachwa uchafuke. Mwambie aliyekupangia programu arekebishe lamda ya chini. Akisema haijalishi, tafuta mwingine. Ile valvu ya kutupa hewa iunganishe irudi kwenye mpira wa kuingizia hewa, na kelele yake ya "pshii" utaikosa siku chache tu.

Pikapu ya diseli inatoa wingu jeusi.

Hapa injini hupigwa resi kutoka chini hadi mwisho wa gavana, yaani kidhibiti cha kasi ya injini, mara kadhaa, na mashine husoma weusi wa moshi. Kwa hiyo kabla ya weusi, hakikisha mkanda wa taimingi haujachoka na oili inatosha. Mkanda ukikatika wakati wa resi hiyo, moshi hautakuwa tena shida yako.

Anza na filta ya hewa. Vumbi la Mariakani likikutana na unyevu wa huku hugeuka kama simenti. Kisha noseli zinazonyunyizia diseli: zipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kuzipima, umwone akizipima, na sindano iwe ukungu, isiwe mkojo wa mbuzi. Mwisho uje kwenye pampu. Karibu kila pikapu ya zamani inayofukuza wingu imefunguliwa skrubu ya mafuta ili ivute mzigo. Irudishe mpaka moshi uwe mwepesi. Itapungua nguvu kidogo ukipanda Mazeras, na hiyo ndiyo bei.

Ukishamaliza, panda nayo hadi Mazeras kwa gia ya chini, injini ikifanya kazi, urudi. Masizi yaliyolala kwenye ekzosi hutoka huko, si mbele ya mashine.

Ekzosi yangu imeliwa na kutu kidogo tu. Ina shida?

Ina shida, na hapa Mombasa ni shida ya kila mtu. Tundu dogo kabla ya sensa huvuta hewa, sensa huona oksijeni, kompyuta huongeza mafuta ambayo hayakuhitajika. Tundu la nyuma huchafua kipimo. Washa injini ikiwa baridi, ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene sekunde chache, sikiliza panapolia. Maungio ya bolti hutangulia kuoza, kisha bomba nyumbufu. Chomelea au badilisha. Ile pasta ya kubandika haimalizi hata safari ya kwenda Miritini. Na kama sailensa umeitoa kwa ajili ya mlio, irudishe, kwa sababu kelele nayo ni kosa.

Kuna dawa ya chupa, au nichanganye spiriti kwenye tangi?

Dawa ya kusafisha injekta husaidia injekta chafu. Haisaidii ringi wala gasketi. Spiriti huleta oksijeni ndani ya mafuta na hupunguza kaboni monoksidi kidogo, lakini mipira ya zamani ya kabureta huilegeza, na nimeona kabureta ikivuja juu ya ekzosi ya moto. Sijui dharau ipi kubwa kwa moto kuliko hiyo.

Pesa za chupa nunua oili na filta yake. Oili iliyozeeka imejaa petroli iliyopita kwenye ringi. Injini ikipata moto, mvuke huo hurudi kuvutwa kupitia mpira wa kupumulia na kupandisha kaboni monoksidi na hidrokaboni pamoja. Kwa gari linalokaribia kupita, hiyo ni tiba rahisi kuliko zote.

Petroli yenyewe jaza kituo chenye wateja wengi, tangi likiwa chini, siku moja kabla. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye petroli hushusha okteni na huungua vibaya. Gari lililolala miezi miwili kwenye unyevu wetu lina maji chini ya tangi. Yatoe.

Siku yenyewe nifanyeje?

Ukitoka kisiwani, Makupa, Changamwe hadi Miritini ni mwendo wa kutosha kupasha injini, foleni ikiruhusu. Nenda na gia ya chini kuliko kawaida. Ukifika usizime kama zamu yako iko karibu. Ikibidi usubiri saa nzima, washa dakika kumi kabla na shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika mbili au tatu, katalitiki irudi kwenye moto wake. Zima kipoza hewa, feni na taa, visikamue injini. Taa ya injini kwenye dashibodi iwe imezimwa na tatizo lenyewe, si kwa kung'oa balbu.

Na breki, tafadhali. Watu huhangaika na moshi mwezi mzima, kisha gari likaangushwa na breki ya mkono.

Nisiseme na mtu tu, nitoe kitu kidogo?

Kutoa ni kosa kama kupokea, chini ya Sheria ya Hongo ya 2016. Na utakuwa umenunua karatasi. Moshi utarudi nao nyumbani, na kipofu wa jirani ataunusa.

Nimeanguka. Sasa?

Omba karatasi yenye namba, usikubali "moshi mwingi" peke yake. Nenda nayo kwa fundi na umsomee: kaboni monoksidi ngapi, hidrokaboni ngapi, oksijeni ngapi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, upime, uandike. Ukibadilisha vitano kwa siku moja hutajua kipi kilikuwa kibovu, na vile vinne vizima vilivyotolewa vitabaki kwenye kisanduku cha fundi. Na kabla hujafungua pochi, injini ikiwa imetoka mwendo, gusa ile hosi ya juu ya radieta. Haraka, kwa ncha ya kidole.